Huishi majini, lakini hauzaliwi majini

Msaiprasi wa kinamasi ukishakomaa unaweza kusimama ndani ya maji kwa karne ishirini na zaidi. Mbegu yake, ikibaki chini ya maji hayo hayo, haioti. Inataka maji yashuke, tope libaki wazi likiwa na unyevu, mche uchomoze na kurefuka upesi kiasi kwamba mafuriko yajayo yasiufunike kwa muda mrefu. Kwa hiyo mti unaosifika kwa kuyapenda maji huutegemea ukame ili upate watoto. Mambo mengi yaliyoupata msitu wake katika miaka mia na hamsini iliyopita huwa magumu kuyaelewa mtu asipoanza na hilo.

Makao yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Huanzia vinamasi vya Delaware, hushuka hadi Florida, huifuata Ghuba ya Meksiko hadi Texas, kisha hupanda na bonde la mto Mississippi mpaka kusini mwa Illinois. Wataalamu huuita Taxodium distichum. Ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wa milima yetu, na pia na msaiprasi wa mashamba ya misitu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambao nao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mkata mbao wa Meru au Nyandarua angezitambua koni zake ndogo za mviringo. Ila angeshangaa kwa mambo mawili. Mtarakwa una majani mwaka mzima, lakini msaiprasi wa kinamasi majani yake hugeuka rangi ya kutu kila vuli na kupukutika yote, ukabaki matawi matupu hadi majira ya kuchipua. Tena mtarakwa hupenda miteremko isiyotuamisha maji. Huu wa kinamasi umetulia pale ambapo mguu wa mtu huzama hadi paja.

Miti yenye koni inayopukutisha majani duniani ni michache. Yenye kufanya hivyo huku imesimama kinamasini ni michache zaidi.

Mzee wa aina hii anaishi North Carolina, kando ya Black River, mto wa maji ya rangi ya chai unaomwaga katika mto Cape Fear juu kidogo ya mji wa Wilmington. David Stahle, mtaalamu wa pete za miti kutoka Chuo Kikuu cha Arkansas, alianza kufanya utafiti huko katika miaka ya 1980. Kazi yake hufanywa kwa keke tupu katikati, inayozungushwa kwa mkono hadi ndani ya shina na kutoa kijiti chembamba kama penseli. Mti hauumii kwa tundu hilo. Kijiti hicho hubeba mstari mmoja kwa kila mwaka wa ukuaji: mpana kwa mwaka mzuri, mwembamba kwa mwaka mbaya. Kwa kuwa miti ya eneo moja hupata mvua ile ile na ukame ule ule, mpangilio wa mistari ya mti mmoja hulinganishwa na wa jirani zake, na kila pete hupewa mwaka wake kamili wa kalenda.

Mwaka 2019 Stahle na wenzake walichapisha matokeo. Mti mmoja wa Black River ulikuwa na umri usiopungua miaka 2,624. Mwingine ulipita miaka 2,000. Nasema “usiopungua” kwa sababu kiini cha miti mikongwe mara nyingi kimeshaoza, na pete za utoto wake zimekwenda nacho. Kati ya miti inayozaliwa kwa mbegu na kusimama kwa shina lake lenyewe, ni aina nne tu zinazojulikana kuwa na mti mkongwe zaidi ya huo, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoishi kinamasini.

Pete ya ndani kabisa iliyosomeka ni ya mwaka 605 kabla ya Kristo. Msomaji wa Biblia anaujua mwaka huo bila kujua kwamba anaujua: ndio mwaka ambao jeshi la Farao Neko lilipigwa na Nebukadreza kule Karkemishi, habari iliyomo katika Yeremia sura ya 46. Au tutazame bara letu. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, uliokufa miaka ya 2010 na 2011, ndio mbuyu uliopatikana kuwa mkongwe kuliko mingine kati ya mingi iliyopimwa kwa kaboni; umri wake ulikadiriwa kuwa miaka takriban 2,450. Msaiprasi wa Black River umeupita, na bado unachipua.

Kwa nini hapo na si mahali pengine? Jibu linatia uchungu. Misaiprasi ya Black River imedumaa. Maji ya mto huo hayana rutuba nyingi, dhoruba zimevunja vilele, mashina yamepinda na kutoboka ndani. Wakata mbao walipita, wakaitazama, wakaona haina faida, wakaiacha. Ile mirefu, iliyonyooka na kujaa mbao, ambayo huenda mingine ilikuwa na umri kama huo, ilikatwa. Tunachokiita leo msitu wa kale ni yale yaliyokataliwa sokoni.

Pete hizo zimeshatoa ushahidi katika fumbo kubwa la historia ya Marekani. Mwaka 1587 Waingereza zaidi ya mia moja, wanaume, wanawake na watoto, walishushwa katika kisiwa cha Roanoke, pwani ya North Carolina ya leo. Gavana wao alirudi Uingereza kutafuta mahitaji, akacheleweshwa na vita na Hispania, akarejea mwaka 1590 asikute mtu. Kwa karne nne watu waliandika kila dhana juu ya waliopotea. Mwaka 1998 Stahle na wenzake walitumia pete za misaiprasi ya eneo hilo kuonyesha kwamba miaka mitatu ya 1587 hadi 1589 ilikuwa mikavu kuliko kipindi kingine chochote cha urefu huo katika miaka 800. Walowezi wale walishuka pwani wakati wenyeji wenyewe, waliotegemewa wawauzie mahindi, hawakuwa na cha kuuza.

Na Jamestown, koloni la Virginia lililoanzishwa 1607, ambako watu walikufa kwa njaa na kwa maji mabaya? Pete zinasema miaka saba kuanzia 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko saba nyingine zozote katika miaka 770. Zamani wanahistoria wengi waliwalaumu wakoloni hao kwa uvivu na mipango mibovu. Lawama hizo hazikufutika zote, ila sasa lazima zigawanywe na mbingu. Ninaipenda habari hii kwa sababu shahidi aliyesema ni mti wa kinamasi. Mtu angedhani mti ulio ndani ya maji haujui ukame ni nini. Kumbe unaujua sana: mvua ikipungua, maji yanayoizunguka mizizi hubadilika, na pete ya mwaka huo hukonda.

Mizizi yenyewe ni somo. Kutoka kwenye mizizi inayotambaa chini ya tope huinuka vinundu vya mti, vyembamba juu na vipana chini, vingine vikimzidi mtu mzima kwa urefu. Watu wa huko huviita magoti. Mkazi wa Lamu, Rufiji au Chwaka hahitaji kuelezwa sana, maana amekulia karibu na mchu wenye vijiti vya mizizi vilivyochomoka topeni, na muia ambao mizizi yake hupinda juu na kurudi chini kwa umbo la goti hasa. Kwa mikoko jambo hilo lilieleweka mapema: tope lililojaa maji halina hewa, basi mzizi hutoka nje kuivuta. Kwa msaiprasi wa kinamasi wanasayansi walibishana zaidi ya karne. Wengine walikata magoti wakaona mti hautikisiki. Wengine walisema kazi yake ni kuushikilia mti katika ardhi isiyo na nguvu, na ni kweli kwamba misaiprasi huangushwa na vimbunga kwa nadra kuliko jirani zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba oksijeni hushuka kweli hadi mizizini kupitia magoti. Mimi sioni kwa nini kiungo kimoja kisiwe na kazi mbili.

Lakini mkoko na msaiprasi huachana katika jambo nililoanza nalo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikaanguka ikiwa mche tayari, ikachoma topeni au ikaelea hadi itakapopata mahali. Bahari inayopwa na kujaa mara mbili kwa siku haiukatishi mkoko uzazi. Mbegu ya msaiprasi nayo huelea na kusafirishwa na maji, ila safari yake lazima iishie mahali patakapokauka. Na hapo mti hauna uamuzi wowote. Uamuzi ni wa mto, na siku hizi ni wa yeyote aliyeushika mto.

Kabla ya kufika huko, kuna watu ambao kinamasi hiki kiliwahifadhi.

Wenyeji wa kwanza waliufahamu ubao wake kwa sababu hauozi upesi. Katika ziwa Phelps, North Carolina, wakati maji yalipopungua miaka ya 1980, ilipatikana mitumbwi ipatayo 30 iliyolala chini ya ziwa. Ilichongwa kwa magogo ya msaiprasi kwa kuchoma na kukwangua, na mkongwe kuliko yote una umri wa zaidi ya miaka 4,000. Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi wa uimara huo, uko baharini. Kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kilichimbua mchanga wa pwani ya Alabama, na wapiga mbizi wakakuta kwenye kina cha takriban mita 18 visiki vya misaiprasi vikiwa bado vimeshika ardhi yake ya zamani. Msitu huo ulizama zamani za barafu, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na kipande chake kikikatwa ndani bado ni mbao.

Kisha wakaja Waafrika, wakiwa wamefungwa minyororo. Katika kinamasi kikubwa cha Great Dismal, mpakani mwa Virginia na North Carolina, na katika vinamasi vya Louisiana, waliotoroka utumwa waliingia mahali ambapo farasi hapiti na mbwa hupoteza harufu. Pwani yetu ina historia ya namna hiyo. Watoro wa karne ya 19 walijenga Fuladoyo nyuma ya pwani ya Malindi na Takaungu, na Wazigua waliotoroka utumwa kusini mwa Somalia walijificha katika misitu ya mto Juba. Huko Great Dismal kampuni iliyokuwa na George Washington kati ya wenye hisa, iliyoanzishwa mwaka 1763, ilipeleka watumwa wachimbe mifereji na kukata miti. Watumwa wengine hawakurudi. Walikaa kwenye visiwa vya ardhi kavu katikati ya maji, na vizazi vya watoro viliishi humo hadi vita vya miaka ya 1860 vilivyoukomesha utumwa. Daniel Sayers, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha American kilichopo Washington, amefukua alama za makazi yao: matundu ya nguzo za nyumba, vipande vya mawe, mabaki ya moto.

Louisiana habari iko wazi zaidi kwa sababu watawala wa Kihispania waliandika walichowatendea. Mashariki mwa New Orleans, katika vinamasi vinavyoelekea ziwa Borgne, kundi la watoro liliongozwa na mtu aliyeitwa Juan San Malo. Hawakuwa watu wa kujificha na kuiba tu. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Waafrika wa Louisiana ya kikoloni, ameonyesha kwamba watoro walikata misaiprasi, wakaichonga, wakawauzia wenye viwanda vya mbao. Wenye viwanda walilipa, wakijua wanamlipa nani. Kwa hiyo mti huo uliwapa maficho na kipato pia. San Malo alikamatwa na kunyongwa New Orleans tarehe 19 Juni 1784.

Niliyazingatia maisha yale kwa sababu mahali palepale patatokea tena mbele katika makala hii.

Hadi robo ya mwisho ya karne ya 19 shoka lilikwenda polepole. Gogo bichi la msaiprasi ni zito na huzama. Wakataji walilazimika kuondoa ganda kuzunguka shina, kuuacha mti ukauke ukiwa umesimama kwa miezi, kuuangusha, kisha kungoja mafuriko yauchukue nje. Msimu ukiwa mkavu, kazi ililala. Magogo yaliyozama njiani yangali chini ya mito hadi leo, na wapo wanaoishi kwa kuyaopoa na kuyauza kwa bei kubwa.

Mambo mawili yaliivunja breki hiyo. La kwanza ni sheria ya mwaka 1876 iliyofungua ardhi ya umma ya kusini kwa wanunuzi wakubwa. Matajiri wa kaskazini walikuwa wameshamaliza misitu ya majimbo ya Maziwa Makuu, wakanunua vinamasi vya Louisiana kwa senti 25 hadi 50 kwa ekari. La pili ni mashine ya mvuke iliyowekwa juu ya tishari, iliyobuniwa mwaka 1889, yenye waya mnene wa kuvuta magogo kutoka mbali, kwanza hadi kwenye mfereji uliochimbwa kwa kazi hiyo. Waya ulikwenda upande mmoja, ukarudi, ukapelekwa upande mwingine, na kila mara gogo lililovutwa lilikwangua tope na kuponda kila mche. Mpiga picha akipita juu kwa ndege leo bado anaiona mistari hiyo ikitawanyika kutoka kituo kimoja, karne moja baadaye. Wavutaji na wakataji wengi walikuwa watu weusi, huenda baadhi yao wajukuu wa wale waliokuwa wakijificha humo, wakilipwa ujira mdogo kwa kuimaliza misitu iliyowahifadhi wazee wao.

Chama cha wafanyabiashara kiliitangaza bidhaa kuwa mbao ya milele. Nyumba za New Orleans, mapipa ya viwanda vya sukari, boti, majeneza, vigae vya paa, vyote vilikuwa msaiprasi. Kilele cha uzalishaji kilifika miaka ya kuelekea Vita Kuu ya Kwanza, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vikubwa vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja kwa kukosa magogo. Msitu wenye miti ya miaka elfu ulimalizwa na watu wa kizazi kimoja. Kasuku wa Carolina, ndege wa kijani na njano aliyekula mbegu za msaiprasi na kulala katika mashina yake yenye mapango, alikuwa akiwindwa na kupoteza makao kwa pamoja. Wa mwisho kufugwa alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1918. Kipande kikubwa kuliko vyote cha msitu ambao haukukatwa kiko Corkscrew, kusini-magharibi mwa Florida. Kiliokolewa mwaka 1954 na shirika la Audubon na wenyeji walipoona mashine zimefika mlangoni, na humo korongo wa mbugani hujenga viota juu ya vilele.

Na mti mmoja mmoja hufa pia, si lazima kwa biashara. Katika kaunti ya Seminole, Florida, ulikuwepo msaiprasi ulioitwa Seneta, kwa heshima ya mwanasiasa wa jimbo aliyetoa ardhi iwe bustani ya umma. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 3,500. Kimbunga cha mwaka 1925 kiliuvunja kilele, ukabaki na mita 36, bado mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi. Usiku mmoja wa Januari 2012 mtu aliingia ndani ya uwazi wa shina lake na kuwasha moto ili apate mwanga. Moto ukapanda ndani kwa ndani hadi juu, zimamoto wakashindwa, na asubuhi mti ukaanguka. Wenyeji walilia mbele ya kamera, na sioni ajabu. Mche uliopatikana kwa tawi la Seneta ulipandwa hapo mwaka 2013.

Kwa kawaida hapa ndipo makala za miti huishia: shoka, moto, machozi, mche. Lakini misaiprasi ya kusini iliota tena baada ya wakataji kuondoka. Ukienda Louisiana leo utaona misitu mipana ya misaiprasi, mingi yenye umri wa miaka 80 hadi 100, iliyoota juu ya visiki vya mababu. Iliota kwa sababu, pamoja na uharibifu wote, yapo maeneo ambako maji yaliendelea kushuka na tope likawa wazi kwa misimu michache. Swali la leo ni kama msitu huu wa pili utaacha wa tatu.

Ziwa Reelfoot, Tennessee, linaonyesha jinsi jibu linavyoweza kuwa hapana bila mti hata mmoja kukatwa. Matetemeko ya New Madrid ya mwaka 1811 na 1812 yalididimiza ardhi, maji yakajaa, na misaiprasi iliyokuwa imesimama msituni ikajikuta ziwani. Pete zake bado zina alama ya matetemeko yale. Mingine ingali hai, zaidi ya miaka 200 baadaye, ikitoa koni na kudondosha mbegu majini. Lakini pale ambapo maji hayashuki, hakuna mche. Mtalii anapiga picha nzuri ya msitu ulio hai kabisa, na hicho anachokipiga ni kizazi cha mwisho cha mahali pale.

Kusini mwa Louisiana, yaliyofanywa Reelfoot na tetemeko yamefanywa na binadamu polepole. Baada ya mafuriko makubwa ya 1927, matuta ya kuuzuia mto Mississippi yaliimarishwa na kuunganishwa hadi karibu na bahari. Miji ilipona. Lakini vinamasi nyuma ya matuta vilikosa tope jipya ambalo mafuriko yalikuwa yakilileta kila mwaka, na udongo wa huko, usipoongezwa, hushindiliwa na kuzama. Barabara, reli na mifereji ya kampuni za mafuta ikayakata maji vipande vipande, yakaingia mahali yasitoke. Tangu 1932 jimbo hilo limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi. Mwaka 2005 kamati ya wanasayansi iliyoundwa na gavana iliigawa misitu hiyo ya pwani katika makundi matatu: inayoweza kujirudia yenyewe, inayohitaji kupandwa kwa mkono, na ile ambayo maji yamekuwa ya kina kiasi kwamba hata kupanda hakutasaidia. Katika kundi la tatu, ukikata mti mmoja leo umekata wa mwisho. Nadhani uamuzi mzuri uliotokana na taarifa ile ni kuwatenganisha wenye mashamba na dhana kwamba msaiprasi hurudi tu, kwa kuwa ulirudi kwa babu zao.

Kisha kuna chumvi. Tofauti na mkoko, msaiprasi wa kinamasi huvumilia chumvi kidogo tu. Mwaka 1968 ulikamilishwa mfereji wa meli wa kilomita zipatazo 120 kutoka Ghuba ya Meksiko hadi New Orleans, ukipita mashariki mwa jiji, katika nchi ile ile ya San Malo. Maji ya bahari yalipanda nao. Maelfu ya ekari za misaiprasi zikafa zimesimama. Karibu na mtaa wa Lower Ninth Ward, wenye wakazi wengi weusi, kinamasi cha Bayou Bienvenue kikawa uwanja wa maji wazi wenye visiki. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipokuja, wimbi la bahari lilipita juu ya uwazi huo hadi kwenye kuta za mtaa, na kuta zikavunjika. Mahali ambapo misaiprasi ilikuwa hai, uchunguzi wa baadaye ulikuta misitu hiyo ilistahimili upepo wa Katrina kuliko misitu ya miti mingine ya mabondeni. Mfereji ulifungwa kwa ukuta wa mawe mwaka 2009, na chumvi imeanza kupungua.

Tangu hapo watu wa kujitolea hupanda miche katika vinamasi hivyo, wengi wakiwa wakazi wa mitaa iliyofurika. Kila mche huvikwa mfuko mgumu wa plastiki, kwa sababu wapo nutria, wanyama wagugunaji wa majini walioletwa kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1930 kwa biashara ya ngozi, ambao hung'oa mche mchanga na kutafuna mzizi wake. Ni kazi ya matope na ya mgongo, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopata. Lakini mche uliopandwa kwa mkono ni jibu la mwaka huu tu.

Kazi kubwa zaidi iko magharibi ya hapo, katika kinamasi cha Maurepas, kati ya New Orleans na Baton Rouge. Misaiprasi yake imekaa kwenye maji yaliyotuama, yenye rutuba haba, na nyakati za ukame chumvi huingia kutoka ziwani. Jimbo limeamua kutoboa tuta la Mississippi na kuchimba njia ya kuyaingiza maji ya mto, pamoja na tope lake, ndani ya kinamasi kilichokatwa kutoka kwa mto huo kwa takriban karne moja. Maji matamu yatafukuza chumvi, tope litainua ardhi kidogo kidogo, na miti iliyopo itanenepa. Wahandisi watapima ujazo wa maji, na wanasayansi watapima pete. Mimi ningependa kujua jambo moja zaidi katika kila taarifa watakayoitoa: ni wapi, na katika mwaka upi, ardhi ilikaa wazi kiasi cha mche kuota bila kupandwa na mtu.